Udongo Uwahi Ungali Maji

Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na maelezo ya mirathi. Hata hivyo, limetokea jambo hapa Nairobi lililotufanya tuiweke mirathi kando kwa wiki moja. Wale waliotuma maswali yao tunawaomba radhi. Maswali yamehifadhiwa, na yatajibiwa inshallah.

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, alitujia mzee mmoja msikitini hapa Pumwani. Ni mtu wa Lamu kwa asili, tuliyefahamiana naye kwa miaka mingi, mwenye duka dogo la mitumba Gikomba. Alikaa karibu nasi, akatuuliza hali, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Sheikh, nina binti yangu amepotea."

Tulishtuka. Kila mzazi anajua uzito wa neno hilo katika mji kama huu. Tukamuuliza, amepoteaje? Akainamisha kichwa akajibu: "Anafinyanga."

Tunakiri kwamba tulitaka kucheka, tukajizuia kwa heshima yake. Mzee alikuwa na huzuni ya kweli. Akatueleza kwamba binti huyo alimaliza sekondari kwa alama nzuri, na kwamba yeye baba amekuwa akiweka akiba, shilingi baada ya shilingi, ili amwingize katika chuo cha uhasibu. Masomo yanaanza Januari. Binti naye anasema fedha hizo, au japo theluthi yake, afadhali zimsaidie kuchangia joko la kuchomea vyombo vya udongo pamoja na wenzake wawili. "Zungumza naye, Sheikh," alisema mzee. "Wewe atakusikia."

Tukamwambia, tuachie sisi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ndilo sababu ya kuandika haya. Tulitoka msikitini tukiwa tumekwisha kuyapanga maneno. Tulikusudia kuanza na methali ya wazee wetu, kwamba mfinyanzi hulia gaeni: yule anayewafinyangia watu vyungu vizima, mwenyewe chakula chake hukila katika kigae. Tulikusudia kumwonyesha kwamba waliosema hivyo waliwaona wafinyanzi kwa macho yao. Kisha tungemkumbusha haki ya baba, na shughuli ingekwisha kabla ya magharibi.

Jumatano tulikwenda nyumbani kwao Shauri Moyo. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao hawajafika huko wafahamu kwamba ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands, jirani na Pumwani na Gikomba, ambako sauti ya nyundo juu ya bati husikika tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Tulipokewa vizuri, tukaletewa kahawa na kaimati. Alikuwapo baba, alikuwapo binti, na alikuwapo bibi yake binti, mama mzaa baba, ajuza aliyeletwa kutoka Lamu miaka michache iliyopita na bado anazungumza Kiamu chake bila kukipunguza.

Tulipokohoa ili kuanza nasaha, bibi alitutangulia. Alisema kwa upole, "Sheikh, babake umemsikia. Mtoto hujamsikia."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Sisi tuliosoma vitabu vya fikihi tangu utoto tunajua fika kwamba kadhi hatoi hukumu mpaka azisikilize pande zote mbili. Tunajua kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuusia hivyo Sayyidna Ali alipomtuma Yemen kuwa kadhi. Tunajua kisa cha Nabii Daud katika Surat Saad, walipomwingilia wagomvi wawili, na yale waliyoyaeleza wafasiri kuhusu kuhukumu baada ya kuusikia upande mmoja. Mambo hayo tumeyafundisha wenyewe. Na bado tulikwenda Shauri Moyo na hukumu mfukoni, kwa sababu mlalamikaji alikuwa rafiki yetu na mshitakiwa alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja.

Basi tukaweka kikombe chini, tukamwambia, "Haya, mwanangu, tueleze."

Alianza na chetezo. Bibi yake alipohama kutoka Lamu alikuja na chetezo chake cha udongo, kilichofukiziwa udi katika harusi za binti zake wote. Kilivunjika safarini. Binti alijaribu kukigandisha kwa gundi, lakini kilipotiwa kaa kikaachana tena. Akaenda kwa mafundi wa majiko hapo hapo mtaani, kwa kuwa aliona kila siku wakipachika udongo ndani ya bati, akawauliza udongo huo unatoka wapi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tuna kitu hicho jikoni na hatujawahi kukifikiria. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na kiini cha udongo uliochomwa ndani, lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la asili lilitoka Thailand, ambako watu walikuwa na majiko ya ndoo yenye udongo ndani. Lilipofika kwetu liligeuzwa na kurekebishwa mara kwa mara, kwa kuwasikiliza akina mama wapishi na mafundi wenyewe, mpaka likapata umbo hili tunalolijua. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo walikuwa katika wale wa mwanzo kulitengeneza. Udongo unazuia joto lisipotee ubavuni, likabaki chini ya sufuria. Likitengenezwa vyema hupunguza makaa kwa thuluthi moja hadi nusu, ukilinganisha na jiko la bati tupu. Kutoka hapa limeenea hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Hivyo yule anayedhani ufinyanzi ni kazi iliyokufa na bibi zetu, leo jioni akiinua sufuria ya wali na atazame chini yake.

Fundi mmoja alimwonea huruma binti, akamletea bonge la udongo kutoka kwa wanaofinyanga viini hivyo. Akafinyanga chetezo chake cha kwanza, akakiacha siku mbili, akakitia ndani ya moto wa makaa. Kikapasuka kwa kishindo. Cha pili kikapasuka. Cha tatu kikapasuka pia. Ndipo alipojifunza, kwa kuuliza na kusoma, kwamba maji yaliyojificha ndani ya udongo usiokauka barabara hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Chombo kinataka kukaushwa taratibu, kivulini, kimefunikwa, wiki nzima au zaidi, na moto upandishwe hatua kwa hatua. Tulimsikia akisema neno lililotugusa: "Ami, udongo ukiuharakisha unakuadhiri mbele ya watu."

Chetezo cha nne kilisimama. Bibi akakitia udi. Alipotuonyesha, bibi alikipapasa kwa vidole kama apapasavyo mtu kichwa cha mjukuu.

Tangu hapo, miaka mitatu sasa, kazi yake imekuwa ikibadilika. Mwaka wa kwanza alifinyanga vyetezo tu, akaviuza kwa majirani na kwa wauza udi wa Eastleigh. Mwaka wa pili akafinyanga mitungi midogo na vikombe. Sasa anafinyanga vitu ambavyo baba yake ndivyo vinavyomkosesha usingizi. Aliinama akavuta kutoka uvunguni mwa kitanda mtungi mrefu uliozungushiwa karatasi ya nailoni usikauke haraka. Tumbo lake lilikuwa la duara, na shingo imeinama upande mmoja, mfano wa mtu anayesikiliza jambo linalosemwa chumba cha pili.

Tukamuuliza, "Na huu ni wa kutilia nini?"

Akajibu, "Sijui bado, ami. Kwanza nataka usimame."

Baba akatutazama, macho yake yakisema: unaona? Chetezo nakielewa, chatiwa udi. Mtungi wa maji nauelewa. Kitu kisichotiwa maji wala udi nitawaelezaje watu?

Binti akachukua simu yake akatuonyesha picha. Ilikuwa ya chombo cheusi chenye mng'aro kama maji ya kisima usiku, tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo uliofunguka kama ua. Tulidhani ni cha chuma. Akasema ni udongo mtupu, haukupakwa rangi, na aliyekifinyanga ni mwanamke aliyezaliwa mji huu huu wa Nairobi mwaka 1950. Jina lake Magdalene Odundo.

Tangu Jumatano tumejishughulisha kuyasoma maisha ya mama huyu, na tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, kwani mafunzo hayaulizwi yametoka nyumba gani. Utoto wake ulikuwa baina ya Kenya na India. Alisomea hapa Nairobi uchoraji wa kibiashara, ile kazi ya kubuni matangazo na maandishi, na mwaka 1971 akaenda Uingereza, katika mji wa Cambridge, kuendelea na fani hiyo hiyo. Huko ndiko alikokutana na udongo, akaiacha njia aliyoijia. Mwaka 1973 aliingia chuo cha sanaa cha Farnham, kusini mwa Uingereza.

Mtu angetazamia kwamba, akiwa Uingereza, angejifunza ufinyanzi kwa Waingereza peke yao. Lakini kati ya mwaka 1974 na 1975 alirudi Afrika kuutafuta. Alikwenda Nigeria, katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja, kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew. Huko walikuwapo akina mama wa kabila la Gwari waliofinyanga mitungi mikubwa kwa mikono bila gurudumu, na aliyevuma zaidi miongoni mwao ni Ladi Kwali, aliyejifunza kazi hiyo kwa shangazi yake tangu alipokuwa mtoto kijijini. Mwanamke huyo wa kijijini leo yumo katika noti ya naira 20 ya Nigeria, pamoja na mtungi wake. Alirudi Kenya pia kutazama wafinyanzi wa kwetu wanavyofanya. Baadaye alisafiri hadi San Ildefonso, New Mexico, nchini Marekani, ambako wenyeji wa asili wa nchi ile wana ufundi wa vyungu vyeusi vinavyong'aa.

Ndipo akaanza kuvichanganya vyote hivyo mpaka vikawa vyake. Huviringisha udongo kuwa kamba nene, akazizungusha moja juu ya nyingine na kuzivuta kwa vidole hadi chombo kiinuke. Hakipaki vile vioo vinavyopakwa juu ya sahani zetu. Hukipaka tope laini lililochujwa la udongo wenyewe, kisha hukisugua kwa mkono, tena na tena, mpaka uso wake ung'ae. Kikichomwa penye hewa ya kutosha, chombo hutoka chekundu chenye kuelekea rangi ya machungwa. Kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa, hutoka cheusi. Udongo ni ule ule na mikono ni ile ile; kinachotofautiana ni moto tu na pumzi yake. Mtu mwenye kuzingatia ataona hapo somo refu kuhusu watoto waliolelewa nyumba moja.

Alimaliza shahada ya uzamili katika Royal College of Art ya London mwaka 1982. Alirudi kufundisha Farnham mwaka 1997, na mwaka 2001 akawa profesa wa ufinyanzi. Mwaka 2018 akawa mkuu wa chuo kikuu kilichotokana na chuo hicho hicho alichoingia akiwa mwanafunzi. Uingereza imemtunukia nishani, na kwa ile ya mwaka 2020 huitwa Dame. Vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa, yakiwemo British Museum. Hata baada ya kufika hapo hakutulia na lililomletea sifa: katika mwaka 2014 alionyesha kazi ya vioo, vipande 1001 vilivyoning'inizwa hewani kama kundi la ndege, umbo lake likiwa limetokana na pambo la sikio la Misri ya kale. Mtu mwenye zaidi ya miaka sitini, na jina lake limekwisha kuenea duniani, akajaribu kitu ambacho hakukizoea.

Binti alipomaliza kutueleza kwa muhtasari, baba yake alisema, "Huyo ni mmoja. Wangapi walifinyanga na hatuwajui?"

Ni swali la haki, na hatukulipuuza. Ukihesabu utaona kwamba kutoka mwaka 1971 alipotoka Nairobi hadi 2001 alipokuwa profesa ni miaka thelathini. Anayemtazama mama yule ajue anaitazama miaka hiyo pia. Picha ya simu huonyesha chombo kilichosimama, wala haionyeshi vilivyopasuka.

Kisha mzee akatueleza jambo ambalo katika urafiki wetu wote hatukuwahi kulisikia. Alipokuwa kijana Lamu alikuwa mchonga milango. Alijifunza kwa ami yake, akapewa patasi zake, na alikuja Nairobi na sanduku la patasi hizo akitumai kwamba katika mji wenye matajiri wengi kazi haitamkosa. Alichonga miaka sita. Watu walisifu na hawakununua. Walionunua walitaka bei ya mlango wa kiwandani. Mwaka alipozaliwa binti huyu, aliuza patasi zote isipokuwa tatu, akaingia katika mitumba. "Mimi sikatai kwa kutojua, Sheikh," alisema. "Nakataa kwa kujua."

Kikao kilikuwa kimya. Binti alikuwa akimtazama babake kwa namna ambayo tunadhani hakuwahi kumtazama. Naye, kumbe, hakuwa amekisikia kisa hicho.

Wasomaji wetu wangetaka kujua dini inasemaje, na kwa hili tutakuwa wafupi. Kazi ya mikono ina heshima kubwa kwetu. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba hakuna chakula bora kuliko alichokipata mtu kwa kazi ya mikono yake, na aliyetolewa mfano ni huyo huyo Nabii Daud, aliyelainishiwa chuma akawa anatengeneza deraya. Na udongo una nafasi yake maalumu: Surat Ar-Rahman inatukumbusha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa udongo mkavu kama wa vyombo vya mfinyanzi. Hata lugha yetu inalijua jambo hilo. Mtungi una mdomo, una shingo, una mabega, una tumbo na una kitako. Hatukuazima maneno kutoka mbali. Vyombo tulivyokatazwa kunywea ni vya dhahabu na fedha; cha udongo ni chombo cha wanyenyekevu. Tuliulizwa na baba kama mtungi usio na kazi si israfu. Tukamjibu kwamba milango ya Lamu nayo ingefunga vizuri bila maua yaliyochongwa juu yake. Hakusema neno, lakini tuliona tabasamu likimpita.

Ilibaki hesabu, na hapo tulikuwa upande wa baba. Tulimwomba binti atuhesabie vyetezo kumi. Alichukua kalamu. Udongo, shilingi 400. Kulipia joko la watu, kwa kuwa hana lake, shilingi 1,200. Nauli ya matatu kuvipeleka na kuvirudisha, akivipakata mapajani, shilingi 400. Jumla 2,000. Katika kumi, saba ndivyo hufika salama. Anauza kila kimoja shilingi 300. Akaandika 2,100, akaitazama. Juma zima la kazi, na faida yake ni shilingi mia moja.

Tulidhani baba angeshangilia. Hakushangilia. Aliinama akaitazama karatasi ile kama mtu anayeusoma mwandiko wake mwenyewe wa zamani. Ni bibi aliyevunja ukimya: "Basi mtoto huyu uhasibu wamfaa."

Tulicheka sote, na binti pia, ingawa alikuwa na machozi. Bibi alikuwa amesema kweli kuliko alivyokusudia. Anayefinyanga bila kuhesabu ndiye yule anayelia gaeni. Wazee walipotunga methali ile hawakusema udongo ni mbaya. Walisema mfinyanzi hujisahau. Tulimwambia binti kwamba mlango wa hesabu ambao baba yake amemfungulia si adui wa udongo wake. Akatujibu kwa adabu kwamba anakubali, ila anaogopa jambo moja: miaka miwili ya darasani mchana kutwa, mikono ikae bila kazi, kisha aanze upya. Akatukumbusha kwa methali yetu wenyewe kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatukujifanya tunalo.

Tulilopendekeza ni hili. Aingie chuo Januari, lakini masomo ya jioni, ambayo tumeuliza na yapo. Asubuhi iwe ya udongo. Theluthi ya fedha isitolewe sasa. Aandike daftari la kila chombo kwa miezi sita, kilichogharimu na kilicholeta, na daftari hilo ndilo litakalosema kama joko linafaa au halifai. Atenge vyetezo vya kuuza na mitungi ya kujifunzia, na asiuze mitungi kwa bei ya vyetezo. Binti alikubali. Baba alisema atafikiri.

Ijumaa baada ya sala tulimwona mzee mlangoni mwa msikiti akiwa na kifurushi cha gazeti. Alikifungua akatuonyesha vipande vitatu vya mti vilivyochongwa laini, kimoja bapa kama kisu, kimoja cha mviringo kama nusu mwezi, kimoja chembamba chenye ncha. Akatuuliza kama tunadhani vitafaa kulainishia udongo, kwa sababu aliona binti yake akitumia kipande cha chupa ya plastiki. Tulivishika. Vilikuwa kazi ya mtu ambaye mikono yake haikusahau kitu katika miaka ishirini na moja. Hakutuambia kwamba amekubali, nasi hatukumuuliza.

Ndugu mzazi unayesoma haya, hatukuambii kwamba kila mtoto anayeshika udongo ana joko la heri mbele yake. Tunakuomba mambo mawili tu, na sisi wenyewe tunajiusia kabla yako. Usimpeleke mtoto wako kwa sheikh, wala kwa ami, wala kwa mwalimu, kabla hujakaa chini ukatazama alichokifanya kwa mikono yake. Na kama nawe una sanduku la patasi uliloliuza, mweleze. Huenda hofu yako ikamfaa zaidi ikiwa na kisa chake kuliko ikija peke yake kama amri. Nawe kijana, usidharau hesabu ya baba yako, ameilipia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu katika vipaji vyao na katika riziki zao, awape wazazi subira, na atusamehe sisi tunaohukumu kabla ya kusikiliza. Wiki ijayo inshallah tutairudia mirathi, tuanzie pale pa fungu la bibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.